Sauti Katika Tendo la Tatu

Dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Beni siku ya Jumanne, jioni, mvua ikiwa imekwisha kunyesha hapa Butembo na ukungu ukianza kushuka juu ya mabati. Hakuuliza habari za watoto wake, ambao walikuwa wakiishi kwangu tangu mtaa wao ulipoanza kuhamwa. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kawaida, kwamba mume wake amemsalimia.

Mume wake alikuwa amekwenda kuangalia shamba lao la kakao nje ya mji, msimu uliotangulia, na hakurudi. Waliokwenda kumtafuta walikuta panga lake limeegemezwa kwenye shina la mti, kwa uangalifu, kama kitu kilichowekwa na mtu atakayerudi kukichukua baada ya kunywa maji. Mwili haukupatikana. Na kwa kuwa mwili haukupatikana, matanga hayakukaliwa. Na mtu ambaye matanga yake hayakukaliwa hana mahali pa kuwekwa kati yetu, si mfu wala si msafiri. Watu wa upande wake walitaka jambo hilo lifungwe. Dada alikataa, akabaki peke yake katika nyumba ile ya ukingoni mwa mji, mahali ambapo majirani walikuwa wakikunja mikeka yao kila alasiri na kwenda kulala katikati ya mji, kwa hofu ya wavamizi wa usiku.

Nilimwuliza amesalimiwa wapi.

“Mu rozari,” alijibu. “Mu tendo la tatu.”

Sharti nieleze kwanza kile kisanduku. Nilisoma informatique, yaani elimu ya kompyuta, katika chuo kikuu, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeishi kwa kurekebisha vitu ambavyo watu wa mbali walivibuni bila kutufikiria. Katika atelier yetu, karakana ndogo ya ufundi, tuliwahi kuunganisha vifaa kadhaa kwa ajili ya mashirika, zile jumuiya ndogo za jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba: ubao mdogo wa kompyuta, spika, betri, waya wa kwenda kwenye paneli ya jua, na matundu mawili ya kadi za kumbukumbu. Tundu la ndani lilibeba kadi yenye rozari, iliyorekodiwa na kwaya ya mtaa wa dada mwenyewe, na kisanduku kiliisali chenyewe kila jioni kwa kufuata siku: matendo ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Jumapili, na kadhalika. Tundu la nje lilikuwa la salamu.

Salamu ni desturi iliyozaliwa na barabara yetu. Mtandao unapokatika, wafanyabiashara hurekodi maneno yao kwenye kadi na kumkabidhi dereva wa lori. Shemeji yangu alinunua viazi Masereka na maharage Kayna, na kwa miaka mingi kadi moja ndogo ilikwenda na kurudi kati yake na dada. Mmoja husema, mwingine husikiliza, kisha hurekodi jibu lake juu ya yale yale aliyoyasikia. Jibu hufuta salamu. Hakuna aliyewahi kuona hasara katika jambo hilo, kwa sababu salamu iliyojibiwa imemaliza kazi yake. Aibu iko katika salamu isiyojibiwa. Mama yetu, ambaye alizijua salamu za mdomo tu, alikuwa akisema kwamba salamu ya namna hiyo haiondoki. Inakaa mlangoni na kuzuia nyingine zisiingie.

Kwa hiyo sauti ya shemeji haikuwa kwenye kadi yoyote. Ile ya mwisho dada aliijibu vizuri, akaituma, na mwenye kujibiwa akafika nyumbani kabla ya jibu lake kumfikia. Kadi ilirudi baadaye na dereva, ikiwa imebeba sauti ya dada mwenyewe.

Hata hivyo, Jumanne ile, kwaya ilipokuwa katikati ya tendo la tatu, lile la taji la miiba, maneno ya Salamu Maria yalikatika, na mahali pake mwanamume alisema: “Tuko hapa Kirumba, mvua inakatala kuisha. Unijibu basi, nisikie sauti.” Kisha kwaya ikaendelea, kana kwamba mtu alikuwa ameingia, akasema lake, akatoka.

Ijumaa alisema tena, mahali pale pale. Jumanne iliyofuata pia. Siku nyingine hakusema neno.

Katika ukoo wetu wapo waliosema ni huzuni, na wapo waliosema ni jambo la kuombewa. Mtu alitumwa aulize Kirumba, mji mdogo wa jirani na Kayna, sokoni na kwenye maegesho ya malori. Waliomfahamu shemeji walisema hawajamwona tangu mwaka uliopita. Nilipompa dada habari hiyo katika simu, aliniuliza kama huyo aliyetumwa alitazama watu wote wa Kirumba usoni. Nilimsihi aje Butembo, chumba kipo, watoto wanamlilia. Alisema hawezi kutoka wakati mtu anamngoja ajibu.

“Mais lakini, yaya, ni maneno ile ile kila siku,” nilimwambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. “Mutu mwenye kuwa muzima anasema maneno mupya.”

“Mutu anarudilia neno kama hajajibiwa,” alisema. “Hata weye, ukiwa mutoto, ulikuwa unaniita namna hiyo, mpaka nikuje.”

Niliaga, nikakata simu.

Nilichukua kisanduku cha aina ile ile na kukiweka kwenye meza yangu katika atelier, chenye kadi iliyochakaa kama ya kwake, na kukiacha kikiwa kimewashwa usiku na mchana. Hivyo ndivyo dada alivyokitumia. Kwao Beni hakuna aliyezima kisanduku. Nyumba isiyo na sauti huonekana imeachwa, na nyumba iliyoonekana imeachwa huingiliwa. Nilikiacha kikisali mfululizo, nami nikaendelea na kazi nyingine, mapikipiki yakipita nje na vumbi likiingia chini ya mlango. Siku zilipita bila kitu. Nilianza kuona aibu kwa kungoja.

Alasiri moja nilikuwa nimeinama, nikichomea waya wa redio ya mteja, nikasikia nyuma yangu kwaya ikikatika na mtu akisema, polepole na karibu sana: “Moja, mbili. Moja, mbili. Unanisikia?”

Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo siku nyingi kabla, katika tundu la nje, ili kujaribu spika, kisha nikayafuta. Jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu katika atelier ni kwamba, kabla sijageuka, kabla sijafikiri, nilijibu. Nilisema, “Ndiyo.”

Baada ya hapo nilijua kwamba dada hakuwa mgonjwa, na nilijua pia kwamba hitilafu ilikuwa mahali ninapoweza kufika. Ndani ya kila kompyuta ipo programu ndogo inayozungumza na kidhibiti cha kadi, yaani kile kipande cha chuma kinachosoma na kuandika; sisi tuliosomea kwa Kifaransa tunaiita pilote. Ile ya ubao wetu ilikuwa imeandikwa na watu nisiowajua, katika nchi nisizozifikia, na nakala yake ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye subira. Niliisoma mstari kwa mstari, asubuhi za baridi, nikiwa na chai mkononi.

Pilote ikiomba kipande cha sauti kutoka kwenye kadi, huwasha wakati huo huo kipima muda. Kadi ikijibu, vizuri. Kadi ikikaa kimya mpaka muda ukaisha, kipima muda huamka na kulifunga ombi lile, ili mashine isingoje milele. Sasa, fikiria umemwagiza mtu: kama sijafika kengele ikilia, nenda ukafunge mlango. Nawe unafika kengele ikiwa inalia. Unaingia, unakaa, unafurahi. Lakini yule uliyemwagiza ameshaanza kutembea kuelekea mlangoni, na hakuna aliyekumbuka kumwita arudi. Anafika, anafunga mlango, na anayefungiwa nje ni mgeni aliyekuwa akija nyuma yako.

Ndivyo ilivyokuwa. Kadi ilipojibu katika ncha ya mwisho ya muda wake, ombi lilikamilishwa, na kipima muda, ambacho kilikuwa kimekwisha kuamka, kililifunga ombi lililofuata. Tena hakikulifunga kama lililoshindikana. Kilikuta alama ya makosa imesafishwa, kikatangaza kwamba kipande kimekwisha kusomwa, hali kadi haikuwa imetoa hata neno. Na mahali pale katika kumbukumbu ya mashine, palipotengwa kwa ajili ya kipande hicho, palibaki na kile kilichokuwapo tangu zamani. Mashine haisafishi nafasi inayoachwa; huipa jina jipya tu. Salamu iliyochezwa mara moja na kufutwa kwenye kadi yake ilikuwa ingali imelala ndani, sekunde chache zake, na sasa iliitwa rozari. Tena mashine iliikumbuka kwa jina hilo. Ili isiisumbue kadi kila jioni, ilitunza sehemu zile ilizokwisha kusoma, na kwa hiyo kila Jumanne na kila Ijumaa, katika tendo la tatu, ilisali sekunde zile zile.

Walioandika pilote ile hawakuwa wazembe. Nadhani hawakuwahi kuwa na kadi kama zetu, zilizonunuliwa sokoni baada ya kutolewa katika simu zilizokufa, zenye kuchoka kiasi cha kujibu daima katika dakika ya mwisho. Wala hawakuwa na mtu aliyeogopa kuzima.

Marekebisho yalikuwa mistari michache. Kipima muda sharti kiitwe kirudi, na pilote ingoje mpaka ihakikishe kimerudi kweli, kabla ya kupokea ombi jingine. Na kikiamka, kiulize kwanza kama ombi kinalolishika ndilo lililowekewa muda ule. Nilikijaribu kisanduku changu mpaka nikachoka kusikia kwaya. Hakikusema tena. Nilinakili kazi hiyo kwenye kadi mpya, nikaiweka katika mfuko wa shati, na siku ya Jumanne nikapanda gari la Beni nikiwa na kile kisanduku kilichopona mapajani.

Kwenye kizuizi askari mmoja alinionyesha nishuke nacho. Alikuwa kijana aliyetumwa kutoka mkoa wa mbali, na macho yake yalikuwa yamechoka.

“Oyo eza nini?” aliuliza kwa Lingala. Kisha, kwa Kiswahili: “Iko na nini mu tumbo?”

“Rozari, chef,” nilimjibu, namna askari wote wanavyoitwa huku.

“Rozari na nyaya?”

Mwenzake alisema labda Bikira Maria naye siku hizi anatumia courant, yaani umeme, na abiria wakacheka, kile kicheko cha kumsaidia mwenye bunduki kuwa na moyo mzuri. Yule wa kwanza aliamuru basi kisali, asikie. Nilikiwasha. Kwaya ilianza, sauti za wanawake wengi katika chumba kidogo, na askari akavua kofia, nadhani bila kujua. Niliujua moyo wa mashine ile kuliko mtu yeyote mahali pale, na bado nilishikilia pumzi mpaka amina.

“Hawa benye kusali, bako wapi?”

Nilimjibu kwamba walikuwa wa mtaa mmoja wa Beni, na kwamba wengi wamehama.

“Mais bado banasali pale,” alisema, akavaa kofia yake, akanirudishia kisanduku kwa mikono miwili.

Mtaa wa dada ulikuwa na ukimya wa aina ambayo sikuwa nimewahi kuikuta huko. Majani yalikuwa yameota katika njia ya kuingilia nyumba ya pili. Katika ua mmoja nguo ziliachwa kwenye kamba, na jua lilikuwa limezila rangi mpaka zikafanana zote. Dada alinipokea kwa chakula, akauliza watoto wanasomaje, akacheka habari za yule mdogo anayekataa kula sombe, yale majani ya muhogo. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa ya mtu mwenye kazi anayoijua.

Jioni, jua likiwa bado kwenye mabati, kisanduku chake kilianza chenyewe. Tulipiga magoti. Tendo la kwanza lilipita, la pili likapita. Katika la tatu kwaya ilikatika.

“Tuko hapa Kirumba, mvua inakatala kuisha. Unijibu basi, nisikie sauti.”

Nilikuwa nimekuja na maelezo yote. Nilijua sekunde zile zilitoka wapi, zililala wapi, na kwa nini ziliamshwa. Nilijua hata mstari wa pilote uliozileta. Pamoja na hayo, nywele za mikono yangu zilisimama, kwa maana nyuma ya sauti ya shemeji ilisikika mvua yenyewe, mvua ya Kirumba ya mwaka mwingine, ikipiga turubai la lori. Na nje ya dirisha letu hapakuwa na hata wingu.

Baada ya sala nilimweleza dada. Sikumficha kitu. Nilimweleza habari ya mtu anayetumwa kufunga mlango, na ya nafasi zisizosafishwa, na alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi niliowahi kuwafundisha. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza lilikuwa kama naweza kumnyamazisha.

“Naweza, yaya. Hata kuzima tu inatosha. Ukizima, yote yenye iko ndani inapotea.”

“Basi, hapana kuzima.”

Nilimwambia naweza kwanza kuzinakili zile sekunde kwenye kadi, azitunze. Alitikisa kichwa.

“Ya kutunza ni ya nini? Alisema nimujibu. Hakusema nimutunze.”

Swali lake la pili ndilo lililobadilisha safari yangu. Alitaka kujua kama njia ile iliyomwingiza shemeji katika rozari inaweza kumwingiza mtu mwingine. Nilifikiri, nikakiri kwamba inaweza, ikiwa kadi ni mbovu ya kutosha na mtu ana subira, ila haiwezekani kuchagua ni maneno gani yataingia wala katika tendo gani.

“Basi uniingize,” alisema. “Nitamujibu kule kule. Akisikia, atanyamaza. Akinyamaza, nitakwenda na weye.”

“Na asiponyamaza?”

“Weye utarudi kwa batoto. Miye nitabakia.”

Hapo nilihisi ile kadi mpya katika mfuko wa shati kana kwamba imepata uzito. Ingenichukua muda mfupi tu, yeye akiwa jikoni. Pilote iliyopona, kisanduku kizimwe na kuwashwa, na Ijumaa tendo la tatu lingepita safi. Dada angefunga virago akiamini amesikiwa. Niliitoa kadi mfukoni, nikamwonyesha, nikamwambia ni nini na inaweza kufanya nini. Kisha nikaiweka juu ya kabati, mbele ya macho yake, na haikuguswa na mtu.

Jumatano mchana tulifanya kazi. Niliyahamisha matendo ya utukufu kwenye kadi iliyochoka kuliko zote nilizokuwa nazo, ya kuingizwa katika tundu la nje, ili mashine ilazimike kuyasoma upya. Dada alioga, akavaa kitenge cha kwendea misa, akakaa mbele ya kisanduku. Nilimwonyesha pa kubonyeza, nikatoka nje. Nilikwenda mpaka kwenye ua wa nyuma, na hata pale sauti yake ilinifikia, isipokuwa maneno. Nikasogea zaidi, mpaka kwenye migomba, kwa sababu jibu lile halikuwa langu. Alisema kwa muda mrefu.

Kilichofuata kilikuwa uchovu. Kucheza salamu yake, kuchomoa kadi yake, kuingiza ile iliyochoka, kuamuru mashine isome rozari, kusikiliza mpaka mwisho. Kisha kuanza tena. Dada aliketi mlangoni akibambua maharage na kuitikia kila Salamu Maria, tangu ya kwanza, kana kwamba kila jaribio lilikuwa sala kamili, na pengine lilikuwa. Niliona mashine ikijaa na kupumua kwa shida. Mchana ulikuwa unaelekea kuisha, nami nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia kwamba imeshindikana, ndipo katika tendo la pili, lile la kupaa mbinguni, kwaya ilikatika na dada yangu akasema kutoka ndani ya kisanduku:

“...naenda Butembo kwa mudogo wangu. Ukikuta mulango imefungwa, usikasirike. Ufwate.”

Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, midomo imefungwa, ganda la haragwe mkononi. Nilimtazama yeye, kisha kisanduku, na kwa kitambo nilishindwa kujua ni yupi kati yao ninayepaswa kumwitikia. Kwaya iliendelea. Dada aliliweka ganda chini, taratibu.

“Donc, kumbe ni vile batatusikia tukishatoka,” alisema.

Hakuniuliza maneno mengine ya jibu lake yamekwenda wapi, yale ya kabla na yale ya baada. Nami sikumwuliza yalikuwa nini. Jioni ile kisanduku kilisali kwa zamu yake matendo ya utukufu, na sauti yake ikasema tena, mahali pale pale, katika nyumba isiyo na jirani.

Alhamisi, saa za asubuhi, milio ya risasi ilisikika upande wa mashamba. Haikuwa mingi. Mama wa nyumba ya tatu, ambaye alilala katikati ya mji na kurudi mchana kuchuma mboga zake, alipita akiwa na kikapu nusu tupu, akatuambia kwamba yeye leo ameziachia nyasi mboga zilizobaki, ziote pamoja. Aliniita baba, ingawa nadhani tulikuwa rika moja, akanitania kwamba Butembo wananilisha vibaya au wananisomesha sana. Kisha alimtazama dada na kuacha utani. Dada alimwambia: kesho jioni, baada ya sala, atajua kama anaondoka.

Sijawahi kuingoja sala namna nilivyoingoja ile ya Ijumaa. Nilijua kwamba kumngoja mtu na kuingoja mashine ni mambo mawili tofauti, lakini magoti yangu hayakujua. Nilikuwa nimefanya hesabu zote: sauti ya shemeji ilikuwa imetunzwa kwa wiki nyingi, hapakuwa na sababu ya kutoweka, na ningerudi Butembo peke yangu, niwaambie watoto kwamba mama yao anamsubiri mtu aliye ndani ya rozari. Bustanini, kupigwa mijeledi: matendo mawili ya kwanza yalipita. Kwaya ilitangaza tendo la tatu. Dada alifumba macho. Salamu Maria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulifika mahali pale. Na kwaya ikapita. Wanawake wale waliimalizia sala, wakaanza nyingine, wakafika mwisho wa kumi, wakasema atukuzwe Baba, na hakuna mtu aliyeingia kati yao.

Kisanduku kilipokwisha kusali, sote wawili tulibaki kwenye magoti.

“Amesikia,” dada alisema.

Mimi nina maelezo. Majaribio yetu ya Jumatano yaliijaza mashine, na mashine iliyojaa hutupa sehemu za zamani ili kupata nafasi. Ilizitupa sekunde zile, kisha Ijumaa ikazisoma upya kutoka kwenye kadi, safari hii vizuri. Nilianza kumweleza, kwa sababu sikutaka aondoke kwa kitu nisichokiamini, na alinisikiliza tena mpaka mwisho.

“Machine ndiyo inachagua ya kutupa?”

“Hapana, yaya. Haichagui.”

“Mais imetupa yake, ikaacha yangu.”

“Ndiyo.”

Aliinuka, akaanza kukunja nguo.

Tuliondoka kesho yake na gari la kwanza. Ufunguo aliuacha kwa mama wa nyumba ya tatu. Aliniomba jambo moja, nisikiguse kisanduku, nami sikukigusa. Nilipanda juu ya paa tu kuipangusa paneli vumbi. Kadi mpya niliichukua kutoka juu ya kabati na kurudi nayo. Wiki zilizofuata nilivipitia visanduku vyote tulivyovitoa, Butembo na vijijini mpaka Masereka, nikaiweka pilote iliyopona katika kimoja baada ya kingine, na marekebisho nikayatuma kwa wale watu wa mbali, ambao walinishukuru kwa adabu na kuuliza nilikutana vipi na jambo la nadra namna hiyo. Niliwajibu kwamba kadi zetu ni za polepole.

Dada anaishi nasi sasa. Matanga yalikaliwa hapa Butembo, bila mwili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyataka. Jioni anasali pamoja na watoto kwa mdomo. Kisanduku changu amekiomba kikae atelier.

Mama wa nyumba ya tatu hupiga simu mara kwa mara. Anasema mtaa sasa umebaki na majani na mbwa mmoja, ila nyumba ya dada bado inasali kila jioni, nayo ukiipita njiani unaweza kudhani wamo watu wengi. Jumatano na Jumapili, anasema, dada yangu anaaga. Mara ya mwisho alitaka kujua kama akizime, maana anayepita pale huogopa. Nilimpa dada simu ajibu mwenyewe, nikatoka nje, nikaenda mbali kidogo, mpaka mahali ambapo maneno hayafiki.